Hilo Shamba Liko kwa Jina la Nani?

Ukimwambia mpenzi wa filamu hapa Kenya akutajie sinema moja ya uhalifu ya nyumbani, hatafika mbali: Nairobi Half Life. Simlaumu. David Gitonga aliitoa 2012, na mpaka leo wengi wetu tukishuka kwenye basi Nairobi tunashika mifuko kwa sababu ya Mwas, yule kijana aliyetoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji, akaporwa mara tu alipofika, na kabla hajakaa sawa yumo kwenye genge la wezi wa vipuri vya magari. Humo pesa ina mwili. Unaiona ikitafutwa, ikigawanywa, ikipunjwa.

Mimi nataka kuitetea nyingine, ya huku kwetu Kilifi, ambayo wengi hawaiiti filamu ya uhalifu hata kidogo. Inaitwa The Letter. Waongozaji ni Maia Lekow, ambaye wengine tulimjua kwanza kwa muziki wake, na Christopher King. Ilianza kuoneshwa 2019, na mwaka uliofuata Kenya ikaichagua iiwakilishe kwenye Oscar. Orodha za matamasha zinaiweka kwenye dokumentari, na ni sawa: watu wake ni watu wa kweli, na nyumba ni nyumba yao. Bado naishikilia kwamba ndiyo filamu bora ya uhalifu tuliyo nayo pwani. Naishikilia pia kwamba inalipita pembeni swali lake gumu kuliko yote.

Kisa chenyewe ni kifupi. Karisa anaishi mjini. Siku moja anakuta kwenye Facebook nyanya yake, Margaret Kamango, mama wa miaka tisini na kitu, anaitwa mchawi. Anarudi nyumbani kuulizia. Kule anaambiwa maneno yamekwisha kuvuka simu: kuna barua imetembezwa, ina vitisho, na haikuishia kwa mtu mmoja. Basi anaanza kuzunguka. Anaketi na baba zake, wakubwa kwa wadogo, wenye sauti kubwa na vicheko. Anaketi na mashangazi, watu wa kanisa, wa kukukaribisha na kukuombea kabla hujasema umekuja kwa nini. Anauliza, anasikiliza, anaondoka, anarudi.

Kwa nini naiita ya uhalifu? Kwanza kwa sababu ya sheria yenyewe. Kenya ingali na Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, iliyotungwa na wakoloni 1925. Watu huikumbuka kwa vile inamkataza mtu kujidai mchawi au kupiga ramli ya kumtafuta mchawi. Kifungu ambacho hakikumbukwi ni kile kinachosema kwamba kumshutumu mtu kuwa ni mchawi, au kutishia kumshutumu, ni kosa la jinai, isipokuwa umeyapeleka maneno yako kwa mwenye mamlaka kama vile polisi au chifu. Ukiisoma sheria hiyo halafu ukaitazama filamu, huhitaji kungoja damu. Kosa limekwisha kutendeka pale barua ilipofunguliwa, na kila anayeipitisha kwa jirani anaongeza kidole chake.

Sababu ya pili ni ya kisanaa, na ndiyo inayonipendeza zaidi. Filamu za upelelezi huishi kwa swali moja: nani? Tunakaa saa mbili tukimshuku mpishi, mara mlinzi, mara mke wa marehemu. Hapa swali hilo halina kazi. Waongozaji wenyewe wanapoieleza filamu yao wanasema wazi kwamba kila mtu anajua ni nani aliye nyuma ya shutuma, ila hakuna atakayetamka. Karisa hatafuti siri iliyofichwa. Anatafuta mtu wa kuisema kwa sauti. Na aliyekulia kwenye mji wa Kimijikenda, au nyumba yoyote ya pwani yenye watu wengi, anajua kwamba hiyo ni kazi ngumu kuliko kutafuta alama za vidole.

Kwetu adui wa nyumbani hatajwi kwa jina. Ni "wale", ni "watu", ni "huko upande wa pili", ni "nyie si mnajua". Lugha inatusaidia sana kuogopa. Unaweza kusema "nimeletewa maneno", "kumesemwa", "wanasema", siku nzima ukapita bila kumgusa mtu. Msikilizaji wa huku anajua hasa anayesemwa ni nani. Anayefuata kwa maandishi ya Kiingereza chini ya skrini atabaki akidhani mambo hayajulikani, na kwa hilo namwonea huruma, maana anatazama filamu nyingine kabisa. Lekow na King wamepata uvumilivu wa kukiacha kimya kifanye kazi. Mtu anamaliza sentensi, kamera haikimbii, na katika ile nukta mbili tatu anapotazama chini au kucheka bila sababu ndipo unapoona ushahidi.

Na kumbuka Karisa si mpelelezi. Mpelelezi wa sinema kesi ikiisha anavaa koti lake anakwenda zake. Karisa atarudi hapo hapo kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye Krismasi, na watakaokaa naye jamvi moja ni hao hao aliowauliza maswali. Kila swali lake linamgharimu. Unaona anavyolipima kabla ya kulitoa, anavyoanza na habari za mahindi na mvua. Kuna wakati unatamani amkabili mtu, ampigie meza. Halafu unakumbuka meza hiyo ni ya baba yake.

Katikati ya yote yuko nyanya mwenyewe. Ningeweza kuandika makala nzima juu yake na jembe. Anaendelea na shamba lake huku dunia ikimjadili, na kazi yake hiyo haikupambwa. Mzee anainama, anainuka, anapumzika, anainama. Ni picha ya kawaida kabisa Kilifi, tumeipita kwenye matatu mara elfu, ila filamu imeiweka mahali ambapo inageuka kuwa hoja: mwenye kulilima shamba ndiye anayeambiwa hastahili kuwa hai juu yake.

Nilipoitazama mara ya pili nilikuwa na shangazi yangu, mtu asiyekuwa na subira na filamu. Alikaa kimya robo saa, kisha akageuka: "Wewe, hilo shamba liko kwa jina la nani?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Nililingoja lijibiwe na sikulipata kwa namna iliyonitosha. Filamu inajua ni ardhi. Inasema ni ardhi. Lakini kwa sehemu kubwa inabaki uani, kwenye nyuso na sauti za jamaa, na makaratasi inayaacha huko nje. Kama ni simulizi ya pesa, basi makaratasi hayo ndiyo pesa yenyewe, na bila kuyajua huelewi kwa nini umri wa mama mmoja unaweza kumkosesha mtu usingizi.

Hebu tuyatazame. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, inasema mtu akifa bila wosia akaacha mke mmoja na watoto, mke anabaki na haki ya kuitumia mali hiyo maisha yake yote. Watoto wanangoja. Ardhi haiuzwi tu hivi hivi. Wanaohusika lazima wakubali. Aliyekuwa na wake wengi, mali inagawanywa kwa nyumba kulingana na idadi ya watoto, na kila mjane aliye hai anahesabiwa kama kichwa kimoja zaidi. Ni sheria nzuri. Imewakinga wajane wengi wasitupwe barabarani. Lakini soma tena kwa macho ya kijana mwenye madeni: uhai wa mama huyu ni kufuli. Au, pale wake walipokuwa wawili, uhai wake ni fungu moja zaidi mezani. Sheria haikukusudia kumfanya mama kuwa saa ya ukutani ambayo watu wanaitazama, ila ndivyo ilivyotokea.

Hapo bado hatujafika kwenye hati, ambayo mara nyingi haipo au ipo kwa jina la babu aliyekufa zamani. Hilo nalo lina historia yake. Serikali ya kikoloni ilipoleta sheria ya hati za ardhi pwani mwaka 1908, mwenye dai alitakiwa ajitokeze kulithibitisha, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya Mfalme. Wamijikenda waliopata hati walikuwa wachache mno. Watu wakaamka siku moja ni maskwota kwenye makaburi ya babu zao, neno ambalo mpaka leo halijatoka midomoni mwa wanasiasa wa Kilifi kila uchaguzi. Mahali ambapo umiliki haukuandikwa, unashikiliwa kwa kumbukumbu za wazee: mpaka ulipita kwenye mbuyu ule, mnazi huu alipanda fulani. Ukimwondoa mzee umeondoa hati. Sijui kama mtu anayeandika barua ya vitisho hukaa akalifikiria hivyo. Hahitaji.

Na thamani? Zamani shamba lilikuwa ni mazao: minazi, maembe, korosho. Kilifi ilikuwa na kiwanda chake cha korosho, kikafa miaka ya 1990. Daraja la Kilifi lilifunguliwa 1991, foleni ya feri ikaisha. Chuo Kikuu cha Pwani kikapata hati yake kamili 2013, wanafunzi wakataka vyumba. Polepole ardhi ikaacha kuwa mahali pa kupanda ikawa ndiyo zao. Siku hizi mtu haulizi ekari, anauliza ploti, hamsini kwa mia, futi hizo. Ekari moja inatoa ploti nane hivi, ukiacha njia. Mama ana ekari tatu za mihogo na mikorosho iliyozeeka, wajukuu wanaona ploti ishirini na nne. Hesabu hiyo kila mtu anaifanya kichwani, hata yule anayeshika Biblia.

Maelezo ya filamu yenyewe yanaulaumu wimbi la tamaa ya vitu linaloigawa jamii. Hapa ndipo ninapotofautiana na waongozaji. Wimbi ni kitu kinachotoka baharini, hakina mwenyewe. Ukisema ni wimbi umemwondoa mtu kwenye hatia kwa upole sana. Filamu kwa macho yake inaona vizuri kuliko inavyosema kwa maneno: inaona watu mahususi, waliokaa kwenye viti mahususi, wanaokwepa kujibu.

Na kwenda kutafuta ubaya nje ya nyumba si kosa la filamu hii peke yake. Mvera ya Daudi Anguka, ya 2023, nayo iliyokwenda kuiwakilisha Kenya kwenye Oscar, ni tamthilia ya uhalifu ya pwani hasa, Linah Sande akiigiza msichana anayegundua kwamba nafasi za kazi ng'ambo wanazoahidiwa vijana ni mlango wa biashara ya viungo vya binadamu. Nimefurahi ipo, na Sande anaibeba mabegani. Lakini ni hadithi ya aliyekuja kutulaghai. Tunazipenda sana hadithi hizo huku pwani. Malindi pekee ina hazina yake: Mtaliano na jumba lake, wakala wa viza, tajiri asiyejulikana pesa zake zimetoka wapi. Zote zina ukweli ndani. Zote pia zinatupa nafasi ya kutoka ukumbini tukiwa safi. The Letter, kwa ubora wake, hailetei mgeni yeyote wa kumtupia mzigo. Hatari inavaa kanga na fulana za nyumbani na inakuuliza kama umekula.

Kuhusu dini nitasema machache. Filamu ilipotoka niliona mashangazi wale na maombi yao kama nguzo, watu wanaoishikilia nyumba isianguke, na nafikiri ndivyo walivyo. Nimeitazama tena baada ya 2023, baada ya Shakahola, ambako zaidi ya maiti 400 zilifukuliwa msituni, humu humu katika kaunti yetu. Sala hazijabadilika kwenye skrini. Masikio yangu ndiyo yamebadilika: kila mtu anapotaja Mungu na mapepo katika sentensi moja, nakaa mbele ya kiti.

Kuna pia mambo ambayo mtazamaji wa mbali hataweza kuyaona kwa sababu hayamo ndani ya fremu, na filamu ingeweza kumsaidia kidogo. Kwamba huko Ganze, Kaya Godoma, kuna mahali pa kuwahifadhi wazee waliokimbia makwao kwa shutuma za namna hii, na wengine wamezeeka hapo hapo wakingoja mtu wa kwao aje awachukue. Kwamba kuna wazee Kilifi wanaopaka piko, si kwa urembo, bali kwa sababu mvi zimekuwa ushahidi dhidi yao. Na hii ndiyo kaunti ambayo mji wake wa Malindi una bustani na sanamu ya Mekatilili wa Menza, mama mtu mzima aliyewainua Wagiriama dhidi ya Waingereza 1913, akakamatwa, akapelekwa mbali magharibi mwa nchi, akatoroka akarudi. Watalii wanapiga picha naye. Kwenda mbele kilomita chache, mwenye umri kama ule anachungulia dirishani kabla ya kufungua mlango.

Sitaeleza filamu inavyoishia, mwende mkaitazame. Nitasema tu kwamba inaegemea upande wa amani, na kwamba amani hiyo inanigusa na kunikera kwa pamoja. Inanigusa kwa sababu naijua. Ndiyo amani pekee inayowezekana pale ambapo mtakutana kisimani kesho. Inanikera kwa sababu ya mgawanyo wa kazi. Aliyeshutumiwa ndiye anayetakiwa kuwa mtulivu. Yeye ndiye wa kusamehe, yeye ndiye wa kuonesha kwamba hana kinyongo, yeye ndiye kiongozi wa roho wa nyumba nzima akiwa na miaka tisini. Aliyeandika hadaiwi hata kutaja jina lake. Wakosoaji wa ng'ambo wameusifu utulivu wa nyanya huyu, nami nausifu. Ila ukitazama vizuri ni utulivu wa mtu ambaye hana mahali pengine pa kwenda.

Haki ya waongozaji niitoe pia. Kamera yao ilikaa na jamaa hii miaka kadhaa, na naamini kuwepo kwake peke yake kulikuwa ni aina ya ulinzi. Mama ambaye watu wanajua anatazamwa ni vigumu kumfanyia kitu usiku. Wangeanza kutaja majina na kufuata hati ofisini, pengine milango ingefungwa, na huenda nyanya ndiye angelipia. Kwa hiyo ninapolalamika kwamba hawakwenda kwenye makaratasi, najua nawadai kitu ambacho wao walikuwa na sababu ya kutokidai. Dokumentari ina watu wa kuwalinda. Filamu ya kubuni haina mzigo huo, na hapo ndipo ninapowatupia macho waandishi wetu wa tamthilia, ambao bado wanatuletea bastola za Nairobi na majini ya Mombasa.

Mandhari iko tayari. Malindi kuna mahakama inayosikiliza kesi za ardhi, na asubuhi yoyote ya wiki utakuta jamaa moja imegawanyika kwenye mabenchi mawili nje: upande huu wanawe wa kwanza, upande ule wa bi mdogo, wamevaa nguo za kanisani, bahasha za kaki mapajani. Mzee wao wa kike ameletwa kwa tuktuk na mjukuu, hajui kesi inatajwa saa ngapi. Saa nne mtu wa upande ule anainuka, anakwenda kununua mahamri, anarudi, anampa. Anayapokea. Mjukuu anamtazama mama mkono, kama atakula au hatakula.